SOMO: Kulalamikia hospitali ya umma Kenya mpaka ujibiwe kwa maandishi

Mwaka jana nilikaa na mama yangu kwenye benchi la hospitali moja ya kaunti toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Ana presha, na siku hiyo kichwa kilikuwa kikimgonga hata hawezi kufungua macho. Nilimweleza sista, sista akanituma kwa msimamizi wa zamu, naye akaniambia, "Tumesikia." Niliporudi baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka, kwa sababu hakuna aliyeandika lolote. Ndipo nikaketi nikaisoma Sheria ya Afya ya 2017, na kifungu cha 14 kikanifungua macho.

Kifungu hicho kinasema mtu yeyote ana haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa katika kituo cha afya, na malalamiko yake yachunguzwe. Utaratibu wa kulalamika lazima ubandikwe mahali unapoonekana. Na mlalamishi ana haki ya kuelezwa, kwa maandishi na ndani ya miezi mitatu, ni hatua gani zimechukuliwa. Lakini miezi hiyo inahesabiwa kuanzia siku ulipowasilisha malalamiko. Ukilalamika kwa mdomo tu pale kaunta, utaithibitishaje siku hiyo?

Hatua ya 1: Jua hospitali ni ya nani. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. Hospitali kuu za rufaa za kitaifa, kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret, ziko chini ya serikali ya kitaifa. Ukikosea hapa, barua yako itazungushwa ofisi hadi ofisi.

Hatua ya 2: Tenganisha kosa la mtu na kosa la kituo. Daktari akikosea katika kazi yake ya udaktari, mlango ni KMPDC, baraza linalosajili madaktari na kutoa leseni za hospitali. Wauguzi wana baraza lao, maafisa wa kliniki wana lao. Lakini kama wadi moja imeachiwa muuguzi mmoja usiku kucha, tafadhali usimwandikie yeye barua ya mashtaka. Hapo anayepaswa kujibu ni uongozi wa hospitali na idara ya afya ya kaunti. Nimeona watu wengi wakimmalizia hasira sista aliyechoka, na aliyempangia zamu ile wala hasikii.

Hatua ya 3: Andika barua fupi yenye saa na tarehe. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Matusi yatoe. "Mlitutesa" itoe pia, maana ni rahisi kuikana. Weka kile ambacho daftari la hospitali lenyewe linaweza kuthibitisha. Yangu ilikuwa hivi:

*KUH: Malalamiko chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya, 2017*

*Mama yangu aliandikishwa kaunta saa 2:10 asubuhi (nakala ya risiti imeambatishwa). Alionwa saa 10:05 jioni. Katika muda huo wote hakupimwa presha hata mara moja, ingawa nilimjulisha muuguzi mara tatu. Naomba nielezwe kwa maandishi kwa nini hakupimwa, na ni utaratibu gani unaotumika kuwatambua wagonjwa walio katika hali mbaya wakiwa bado kwenye foleni. Naomba jibu ndani ya miezi mitatu kama sheria inavyotaka.*

Ombi la pili ndilo lenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu. La kwanza linahusu mama yangu. La pili linamhusu kila mtu atakayekalia benchi lile.

Hatua ya 4: Nakala mbili, muhuri mmoja. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu.

Hatua ya 5: Omba rekodi huku ukisubiri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, unaiomba Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaiita Ombudsman, iuangalie upya uamuzi huo.

Hatua ya 6: Miezi mitatu ikipita kimya, peleka nakala zako kwa Ombudsman, au malalamiko rasmi kwa bunge la kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge hilo lishughulikie jambo. Mahakama ipo pia, na imewahi kusema waziwazi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, mwaka 2013, alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Pamoja na aliyotendewa na wahudumu, mahakama ilizilaumu serikali ya kitaifa na ya kaunti kwa kutosimamia viwango vya huduma ya uzazi zilizoahidi kuwa ya bure. Lakini tazama miaka iliyopita katikati.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kakamega: Karani amekataa kugonga muhuri. Nifanyeje?
Usigombane naye. Tuma barua kwa posta ya rejista na utunze risiti, na nakala ipeleke idara ya afya ya kaunti, ambako muhuri hupatikana kwa urahisi zaidi. Andika pembeni siku na saa uliyokataliwa, na nani alikuwa nawe.

Kutoka Kilifi: Mgonjwa wangu bado amelazwa. Naogopa nikilalamika watamlipizia.
Hofu yako naielewa, dada, nami siwezi kukuambia haina msingi. Sheria inasema "mtu yeyote", kwa hiyo jamaa anayekaa mbali anaweza kuandika badala yako. Kama ni hatari ya sasa hivi, barua isubiri. Mtafute daktari msimamizi leo hii, umwambie neno "dharura". Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya inaifanya hospitali yenye uwezo inayokataa kuyatoa kuwa na hatia.

Kutoka Nakuru: Kila mara tunaambiwa dawa hakuna, tukanunue nje.
Hapa tumia hatua ya 5. Omba tarehe ambazo kituo kiliagiza dawa, tarehe zilipofika, na kadi za stoo za miezi mitatu. Uliza pia kituo kimekusanya shilingi ngapi na kimezitumia kwa nini, kwa kuwa sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya inataka makusanyo ya kituo yabaki kituoni. Ripoti za Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti yako ziko wazi kwa umma. Zisome kabla ya kumwendea mwakilishi wadi, umwekee ukurasa mezani.

Kutoka Kisumu: Wamemzuia shemeji yangu wadini kwa sababu ya bili.
Deni ni deni, hata wakikudai mahakamani ni haki yao. Kumfungia mtu ni jambo jingine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani, hospitali ya uzazi ya Nairobi, kwamba kumshikilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Andika barua leo, itaje kesi hiyo, na uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo.

Kutoka Kitui: Nyanya yangu hajui kuandika.
Kwa ombi la habari, sheria inamtaka afisa mwenyewe amsaidie asiyeweza kuandika. Kwa malalamiko, wewe mwandikie, umsomee polepole, aweke kidole chake cha gumba, kisha ugongeshe muhuri ule ule.