Kabla Mama Hajarudi Nyumbani: Njia ya Chooni, Kiti, na Nguvu za Miguu

Mama yangu alianguka saa tisa usiku, hatua mbili tu kabla ya mlango wa choo. Umeme ulikuwa umekatika. Nyumba yetu ya Tanga ni ile ya Kiswahili tunayoijua wengi: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kisha uwani, na choo mwisho wa ua. Alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na baada ya siku chache tukaambiwa tumchukue. Tulipewa dawa, magongo na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyetuuliza nyumba ina vizingiti vingapi. Nami nilipofika naye mlangoni, amenishika bega, ndipo nikajua kuwa sijawahi kuvihesabu. Vilikuwa vitano.

Ninayoyaandika hapa ningeyahitaji wiki moja kabla ya siku ile, na kwa kweli ningeyahitaji mwaka mmoja kabla hajaanguka.

Anza na njia ya usiku. Keti kwenye kitanda chake giza likiingia, zima taa, vaa kandambili zake, halafu nenda hadi chooni. Utakutana na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, ambacho mzee hukichomoa kwa mkono mmoja huku mguu ukitafuta sakafu. Utakutana na mkeka uliokunjika ncha, ndoo za maji ukumbini, na pale uwani palipooshewa vyombo bado pana utelezi. Mengi ya haya hayahitaji hela. Ndoo zihamie upande mmoja, mkeka ukunjwe jioni, kandambili iliyolika soli itupwe leo leo na badala yake vipatikane viatu bapa vyenye kamba nyuma ya kisigino. Chandarua kipandishwe na kutupwa juu kwanza, ndipo miguu ishuke. Kisha akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama, hasa anayetumia dawa za presha, kwa sababu ukiinuka ghafla presha hushuka na kichwa kikazunguka. Kama ana dawa ya kukojosha, muulize daktari saa ya kuimeza, maana ikinywewa jioni itamwamsha usiku kucha.

Taa ndogo ya sola inayochajiwa mchana na kuachwa ikiwaka ukumbini si anasa. Ukingo wa kila kizingiti upakwe rangi nyeupe, kwa kuwa saruji ya kijivu juu ya saruji ya kijivu macho ya mzee hayaitofautishi.

Vizingiti vyenyewe, fundi atakwambia ataweka mteremko mfupi wa saruji na mambo yamekwisha. Usikubali haraka. Kipimo kinachofuatwa ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8. Ukiufupisha, umemjengea mahali pa kutelezea. Pasipo na nafasi ni bora ubaki na kizingiti, uongeze bomba la kushika. Na sakafu ya niru tunayoisifu kwa kung'aa, ikilowa haina huruma. Bafuni ikwaruzwe, au imwagwe upya na kumaliziwa kwa ufagio ikiwa mbichi.

Bomba la kushika nalo lina adabu yake. Sisi tulilifunga mahali fundi alipoona panapendeza, mama hakulitumia hata mara moja. Mara ya pili tulimketisha, tukamwambia ainuke, na tukaweka alama ya chaki pale mkono wake ulipokwenda wenyewe ukutani. Hapo ndipo pake. Liwe nene kiasi cha sentimita 3 hadi 4 ili vidole vilizunguke, na bolti ziingie kwenye tofali lenyewe, si kwenye plasta. Kabla mzee hajaligusa, wewe mwenye kilo zako 80 lining'inie.

Choo cha kuchuchumaa kwa mwenye nyonga au magoti mabovu hakifai. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, miguu imepanuka na kuvishwa raba ya tairi, kikakaa juu ya shimo. Kingine cha aina hiyo, chenye ndoo chini, kikae chumbani kwa ajili ya usiku. Mama alikikataa. Alisema hajawa mtoto. Hatukubishana naye; tulikubaliana kitumike mvua ikinyesha tu, na yeye mwenyewe akachagua kanga ya kukifunika. Baada ya masika hakukirudisha stoo. Mzee akipangiwa nyumba yake bila kuulizwa, atayakwepa yote uliyoyajenga, na haki atakuwa nayo. Jambo jingine la choo ni mlango: ufunguke kwa nje, na komeo la ndani liondolewe. Aliyeanguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani huuzuia kwa mwili wake.

Sasa miguu. Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na tunakosea kwa mapenzi. Heshima yetu kwa mzazi ni kumwekea kila kitu mkononi: "Mama kaa, mama pumzika, nitakuletea." Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani, ambapo wazee wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 tu. Kwa wastani walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mimi mama yangu nilimketisha wiki tatu.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alipokuja, kabla ya mashine yoyote aliomba kiti chenye mikono na mita 3 za sakafu. Mama ainuke, aende, ageuke, arudi, aketi. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, mzee yuko kwenye hatari ya kuanguka. Mama alitumia 31. Mtihani huo unaweza kuufanya leo kwa mzazi ambaye bado mzima, ukiwa umesimama karibu naye.

Mazoezi aliyompa ni ya jikoni na barazani: kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, taratibu, mara 10 akiweza, kuinua visigino ameshika meza nzito, kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya kusawazisha mwili na ya nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Kiti kiwe na urefu unaoruhusu nyayo kukaa bapa chini, na magoti yasipande juu ya nyonga. Kigoda na mbuzi ya kukunia nazi vipumzike kwanza. Lakini nazi akune mjukuu, mchele achague mama, mezani, akisimama na kukaa.

Fimbo ipimwe: amesimama na viatu vyake, mkono umening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Ishikwe upande wa mguu mzima, si upande wa mgonjwa kama wengi tunavyodhani. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mgonjwa hutangulia kushuka. Mama hukariri: "Mzima juu, mbovu chini."

La mwisho mpange wote wa nyumbani, hata watoto. Akianguka tena, asivutwe mikono. Aachwe atulie, aulizwe panapouma, atazamwe miguu. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika: asisimamishwe, asipewe chakula wala chai, atafutiwe gari la kumbeba akiwa amelala. Kama haumwi popote, aletewe kiti, ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti, aweke mguu wenye nguvu mbele, na ainuke mwenyewe huku mtu amemshika kiunoni. Sisi tulilifanyia mazoezi juu ya godoro ukumbini, Jumapili asubuhi, na mama alitaka arudie mara tatu.