Jinsi ya Kutumia Kivumishi "ill" kwa Usahihi

Hatua ya kwanza: tazama nafasi ya neno katika sentensi. Kivumishi cha Kiingereza "ill", kinapomaanisha kuwa mgonjwa, kwa kawaida hufuata kitenzi kama "be", "feel" au "look", kwa mfano "She is ill". Ukiandika "an ill child" utaeleweka, lakini sentensi itakwaruza masikio ya wazawa wa lugha hiyo, ambao mbele ya nomino hupendelea "sick": "a sick child". Kikitanguliwa na kielezi, hata hivyo, kivumishi hiki hukaa mbele ya nomino bila taabu, kama katika "a seriously ill patient".

Hatua ya pili: hakikisha unazungumzia maradhi, si jeraha. Aliyevunjika mguu ni "injured".

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo huwatatiza wengi: zingatia msomaji wako ni wa wapi. Nchini Uingereza, "He was sick" mara nyingi humaanisha kwamba alitapika, na "I feel sick" kwamba msemaji ana kichefuchefu, ilhali nchini Marekani "sick" ndilo neno la kila siku la kuumwa, na "ill" husikika kuwa rasmi zaidi au huashiria ugonjwa mzito. Kwa barua rasmi mimi huchagua "ill", kwa sababu halina utata huo popote. Misemo iliyokwisha kuganda haibadilishwi: ruhusa ya ugonjwa ni "sick leave" pande zote mbili, wala hakuna "ill leave".

Hatua ya nne: chagua maneno yanayoandamana nalo. Kuanza kuugua ni "fall ill", au "be taken ill" ikiwa hali imetokea ghafla. Jina la ugonjwa hutanguliwa na "with", kama "ill with pneumonia". Hali ikizidi kuwa mbaya, andika "worse", usiunde "iller".

Hatua ya tano: tambua pale ambapo neno halimaanishi kuugua. Asili yake ni lugha ya kale ya Skandinavia, ambamo lilimaanisha "baya", na maana hiyo ingali hai katika "ill effects", yaani madhara, na "ill will", yaani nia mbaya. Hata "ill health" ni afya mbaya kwa maana hiyo hiyo, na ndiyo sababu kanuni ya hatua ya kwanza haiyagusi maneno haya.

Mwisho, kagua tahajia, kwa kuwa simu nyingi hugeuza "ill" kuwa "I'll", na "He is I'll" haina maana yoyote.