Namna ya kuandika daftari la kero za mtaa ambalo polisi watalifanyia kazi

Nimemaliza juzi kumsaidia jirani aliyechoka kujibiwa "tutafuatilia" kila akienda kituoni. Tulifuata njia hii.

1. Chagua kero moja. Kelele za usiku, au uporaji wa simu kichochoroni. Vyote kwa mpigo, hapana.

2. Andika daftari. Kazi yenyewe iko hapa. Kila tukio liwe na tarehe, saa lilipoanza na kuisha, na mahali hasa: "kona ya nyuma ya shule, chini ya taa iliyoungua", si "huku kwetu". Mwaka 1989 mtafiti wa uhalifu Lawrence Sherman na wenzake walionyesha kuwa mjini Minneapolis, Marekani, nusu ya miito ya kuwaita polisi ilitoka kwenye asilimia 3 tu ya maeneo. Ukiitaja kona, umempa askari pa kuanzia.

Andika ulichokiona. "Watu watatu walirusha chupa ukutani" inafaa. "Wale wavuta bangi" ni hukumu yako. Ulichosimuliwa, sema umesimuliwa. Taja na madhara: mtoto hakulala, bibi alizunguka njia ya mbali. Siku tulivu nazo ziingie, maana bila hizo huwezi kujua kwamba balaa huja Ijumaa tu.

Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu. Kundi la WhatsApp silitaki kwa kazi hii: ujumbe unazama, tetesi zinapanda, na mtu asiye na kosa anaanikwa picha yake. Kila jirani awe na daftari lake, wala msinakiliane. Maelezo yanayofanana neno kwa neno yananuka kupangwa. Na usiwasogelee wanaoleta kero ili upate ushahidi.

3. Ripoti. Mtu akiwa hatarini, piga simu ya dharura papo hapo. Mengine mpelekee askari wa eneo lenu, udai namba ya taarifa.

4. Ombeni kitu mahususi. Wengi huomba doria. Jaribio la polisi wa Kansas City, Marekani, la 1972 hadi 1973 liliongeza magari ya doria ya kawaida katika baadhi ya maeneo, na uhalifu haukupungua kwa kiasi cha maana. Hofu ya wakazi nayo ilibaki palepale. Mimi ningeanza na taa, kichaka kufyekwa, au mwenye baa kuitwa kikaoni.

5. Endelea kuandika baada ya hatua kuchukuliwa, kwa mtindo uleule. Kero ikihamia kichochoro cha pili, nayo iandike, na wakazi wa huko waambie waanze daftari lao.