SOMO: Kumpikia mgonjwa wa kisukari mboga bila kumwaga antioksidanti

Sukari ikikaa juu kwenye damu, seli huzalisha kwa wingi molekuli zisizotulia ambazo huharibu mishipa ya damu, macho na figo. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini zina kinga ndogo sana dhidi ya molekuli hizo. Antioksidanti, kama vitamini C, vitamini E na karotini, hutuliza molekuli hizo. Mchicha na matembele vinazo, ila nyingi tunazipoteza wenyewe jikoni.

1. Nunua mboga za kupika siku hiyohiyo. Majani yaliyonyauka juani yameshapoteza vitamini C.

2. Osha majani yakiwa mazima, ndipo uyakate. Vitamini C huyeyuka kwenye maji. Ukikata kwanza halafu ukasuuza mara tatu, unaimwaga.

3. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta. Wengi humlazimisha mgonjwa kula mboga chukuchuku, nami napinga kabisa. Karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta, na likopini, ile rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa zaidi nyanya ikiiva. Kijiko kimoja kinatosha, mafuta yasielee.

4. Tia majani, funika dakika tatu hadi tano, usiongeze maji. Kisamvu hakimo katika hatua hii! Kina sumu ya sianidi: kitwange, ukichemshe mpaka kiive kabisa.

5. Epua, kisha kamulia limau.

6. Pakua nusu sahani mboga, robo ugali, robo samaki au maharage.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, si rahisi zaidi kumeza vidonge vya antioksidanti?
Ni rahisi, lakini havijaleta tunachokitafuta. Utafiti wa HOPE uliotolewa mwaka 2000 uliwapa vitamini E watu wenye maradhi ya moyo au kisukari kwa zaidi ya miaka minne, na haukuwakinga na maradhi ya moyo. Finland nako, mwaka 1994, wanaume wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Majani huja na nyuzinyuzi, magnesi na mengine mengi ambayo kidonge kimoja hakina.

Ubuyu na rosela je?
Vizuri, bila sukari. Unga mweupe wa ubuyu una vitamini C. Ubuyu wa rangi wa dukani umepakwa sukari. Rosela ichemshe na mdalasini na tangawizi, uinywe hivyohivyo.

Juisi ya mapera?
Mpe pera lenyewe atafune. Lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Shikamoo dada. Baba ana kisukari na figo zimeanza kuchoka. Nimpikie hivihivi?
Marahaba mdogo wangu. Kwake usifuate hatua ya nne kabla ya kuuliza kliniki. Mchicha una madini ya potasiamu kwa wingi, na figo zilizochoka hushindwa kuitoa. Wakimwambia aipunguze, chemsha majani kwenye maji mengi, umwage maji hayo, ndipo uunge majani. Vitamini C itapungua, lakini kwa baba potasiamu ndiyo hatari kubwa zaidi.