Ski Ziwani Kisumu: Jinsi ya Kuinuka Mara ya Kwanza

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza kuteleza juu ya maji kwa ski, zile mbao mbili za miguuni, wakivutwa kwa kamba na boti, wanategemea mikono yenye nguvu, na mikono hiyo ndiyo inayowaangusha. Mvuvi wa Dunga aliyezoea kuvuta nyavu huanguka mara nyingi kuliko mwanawe wa miaka 12. Kazi ya kukuinua ni ya boti. Yako ni kutoizuia.

Hatua ya 1: Chagua saa na mahali
Tunaingia majini saa moja asubuhi, ziwa likiwa limelala. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani na Ghuba ya Winam, huu mkono wa Ziwa Victoria ulioko Kisumu, huchafuka. Angalia magugumaji pia: hutembea na upepo, na palipokuwa wazi jana leo ni shamba. Kaa mbali na matete, kwa sababu ndiko waliko viboko, na konokono wa kichocho vilevile. Ukiwa mtu wa kuingia ziwani kila wiki, nenda ukapimwe.

Hatua ya 2: Anzia nyasini
Usiruke hatua hii. Funga jaketi la kuokoa maisha hadi nikilivuta mabegani lisipande masikioni. Vaa ski, chuchumaa, magoti kifuani, mikono imenyooka, kamba ikipita katikati ya ski. Nitakuvuta taratibu.

Nilimfundisha mwendesha boda mmoja aliyekuwa akikunja viwiko kila kamba ilipokaza, kama anayebana klachi. Mara tatu akakaa matako chini. Nikamwambia, "Ndugu yangu, leo wewe ni abiria." Akacheka, akanyoosha mikono, akasimama.

Hatua ya 3: Ishara
Kwenye boti wawe watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine anakutazama. Kidole gumba juu, ongeza mwendo; kidole gumba chini, punguza. Kiganja shingoni, zima injini.

Hatua ya 4: Majini
Kamba ya kawaida ni mita 23. Elea kama uliyekalia kigoda, ncha za ski zikichungulia juu ya maji. Ralph Samuelson wa Minnesota, aliyeanzisha mchezo huu mwaka 1922, naye alifaulu alipoegemea nyuma na kuziacha ncha ziinuke.

Kamba ikaze kwanza, ndipo useme "Twende!" Maji yatakusukuma kifuani na kukuingia puani, na utatamani kusimama upesi. Usisimame! Baki umechuchumaa mpaka uhisi ski zimeacha kulima maji na zinateleza. Hapo inuka polepole, magoti yakiwa yamelegea, macho kwenye boti. Ski zikianza kuachana, zikusanye kwa mapaja kabla hujapiga msamba. Kilomita 25 hadi 30 kwa saa zinatosha. Mtu mzito huhitaji zaidi kidogo.

Hatua ya 5: Kuanguka
Achia kamba. Mimi siku yangu ya kwanza niling'ang'ania kishikio, nikaburutwa kifudifudi na kulinywa ziwa hadi nikatapika. Ukishaachia, inua mkono kuonyesha uko salama, kisha simamisha ski moja juu ya maji ili mitumbwi inayorudi na omena ikuone. Boti ikikufikia, usishike ngazi kabla injini haijazimwa.

Jaribu mara tano au sita tu. Mikono ikianza kutetemeka, toka, hata kama mafuta uliyolipia bado yamo kwenye tangi.