Somo: Kuzuia ukungu kwenye kioo cha helmeti na kuendesha pikipiki msimu wa mvua, barabara ya Kyela hadi Uyole

Anayepanda kwa pikipiki kutoka Kyela kwenda Uyole, mkoani Mbeya, wakati wa masika hupita katika hali mbili za hewa zisizofanana hata kidogo ndani ya safari moja. Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya joto lenye unyevu mwingi. Barabara ikishapita Tukuyu na Kiwira na kufika Isyonje, imekwisha kuvuka mita 2,000, na kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 katika kila mita 1,000 unazopanda, dereva aliyeondoka chini akitokwa na jasho hujikuta juu akitetemeka ndani ya wingu. Huko ndiko kioo cha helmeti kinakofunga ukungu mpaka taa za lori lililo mbele zinaonekana kama doa jekundu lisilo na umbali. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki husafiri karibu mita 17 kila sekunde; hesabu mwenyewe ni mita ngapi zinapita ukiwa unapangusa kioo kwa kidole.

Kabla ya hatua zenyewe, ni lazima tuelewane kuhusu chanzo, maana wengi hupangusa tu na kushangaa ukungu unaporudi. Pumzi inayotoka mdomoni na puani ina joto linalokaribia la mwili na imebeba mvuke mwingi. Kioo nacho kinapigwa na upepo na mvua kwa nje, hivyo ni baridi. Pumzi ikikigusa hupoa ghafla, na kwa kuwa hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote ule, unaozidi hugeuka matone madogo mno, kama chupa ya soda inavyotoa jasho ikitolewa kwenye friji. Kinachotuzuia kuona ni umbo la maji hayo, kwa sababu matone mengi madogo hutawanya mwanga kila upande, ilhali maji yaleyale yakitandazwa kuwa utando mwembamba mwanga hupita bila shida. Kwa hiyo njia kuu kwetu ni tatu: kupunguza pumzi inayofika kwenye kioo, kuitoa haraka hewa yenye mvuke, au kuyafanya maji yatandae. Dawa yoyote utakayouziwa dukani inafanya mojawapo ya hayo.

Hatua ya 1: Safisha kioo jioni, si asubuhi ya safari

Kitoe kioo kwenye helmeti kama kinatoka, kifunike kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika kadhaa ili matope na wadudu waliokauka walainike, kisha kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ukitumia vidole au kitambaa cha pamba. Usisugue tope kavu. Usitumie petroli wala thina hata kama fundi anakuhakikishia kwamba vinang'arisha, kwa kuwa vioo hivi ni vya plastiki, na vimiminika hivyo huipasua plastiki kwa nyufa nyembamba usizoziona mpaka usiku utakapokutana na taa za gari. Mafuta ya ngozi na vumbi lililobaki upande wa ndani hukaribisha matone, kwa hiyo upande huo uoshwe kwa uangalifu zaidi ya ule wa nje. Kioo kilichojaa mikwaruzo hakisafishwi, kinabadilishwa. Sielewi hata leo kwa nini mtu anunue taa mpya za rangi za kupamba pikipiki huku akitazama barabara kupitia kioo kilichokwaruzika.

Hatua ya 2: Paka sabuni kidogo upande wa ndani

Kioo kikishakauka, chukua tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au shampuu ya watoto, lieneze kwa ncha ya kidole upande wote wa ndani, liache likauke, kisha ufute taratibu kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kionekane safi, ingawa utando usioonekana utakuwa umebaki. Sabuni hupunguza nguvu inayoyafanya maji yajikusanye kuwa matone. Ukiweka nyingi, mvua ikipenya itatoa povu, na povu likiingia machoni ukiwa kwenye kona za kushuka Kiwira hutalisahau. Utando huu haudumu; ukipangusa kioo kwa ndani njiani umeuondoa, kwa hiyo urudie kila siku ya mvua. Kwa wenye helmeti zilizofungwa kioo cha pili cha ndani aina ya Pinlock, msipake kitu chochote juu yake, kwa sababu plastiki yake imetengenezwa kunyonya unyevu na sabuni huiharibia kazi hiyo. Ioshwe kwa maji tu.

Hatua ya 3: Elekeza pumzi chini

Madereva wengi wa nyanda za juu hufunga skafu au kuvuta mzura mpaka juu ya pua kwa ajili ya baridi. Kitambaa hicho hulowa kwa pumzi, na pumzi iliyozuiwa mbele hupanda juu, moja kwa moja kwenye kioo. Kifunge chini ya kidevu, kizibe shingo, kiache pua na mdomo. Kama helmeti yako ina kile kipande cha raba kinachokaa juu ya pua, kirudishe mahali pake. Nimeona vingi vikitupwa kwa madai kwamba vinabana. Matundu ya hewa ya kidevuni na ya kisogoni yawe wazi, hata ukihisi baridi. Ukipumua kwa pua badala ya mdomo, hewa hushuka yenyewe.

Hatua ya 4: Njiani

Fungua kioo kwa kijino cha kwanza tu, yaani pale kinapokwama mara ya kwanza ukikinyanyua, ili hewa ipite bila mvua kukupiga machoni. Unapokaribia kusimama, kwenye kizuizi cha polisi au nyuma ya lori linalopanda polepole, kifungue kabisa kabla hujasimama na ukifunge baada ya kuanza kwenda, kwa kuwa pikipiki iliyosimama haina upepo wa kutoa mvuke na ukungu hujaa baada ya pumzi chache. Matone ya nje yapanguse kwa kidole cha glavu, au geuza kichwa kidogo pembeni ili upepo uyaondoe.

Ikitokea huoni kabisa, mpangilio ni huu: nyanyua kioo chote, punguza mwendo bila kubana breki kwa nguvu, washa indiketa ya kushoto, toka nje kabisa ya lami mahali palipo wazi, na usisimame kwenye kona wala kwenye ukingo wa lami kwa kisingizio cha kupangusa mara moja. Malori ya kwenda mpaka wa Kasumulu hupita hapo usiku na mchana, na dereva wa lori naye anahangaika na ukungu wake.

Hatua ya 5: Pikipiki na barabara yenyewe

Kuona ni nusu ya kazi. Mvua ya kwanza baada ya siku kavu ndiyo yenye utelezi mbaya zaidi, kwa sababu vumbi, mabaki ya raba na mafuta yaliyokuwa yamelala kwenye lami huinuka na kuelea kabla hayajaoshwa. Dakika 15 za mwanzo ni bora uzitumie kunywa chai. Kwenye milima ya Uporoto ongeza dizeli inayomwagika kutoka kwenye matangi ya malori yaliyojazwa kupita kiasi, ambayo huonekana kama upinde wa mvua juu ya lami na hukusanyika zaidi kwenye kona za kupanda. Ongeza pia udongo unaoburutwa na magari yanayotoka mashambani kubeba ndizi na viazi. Michoro myeupe ya barabarani na vyuma vya viungo vya madaraja vipite pikipiki ikiwa imesimama wima, bila breki na bila kuongeza mafuta.

Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia breki za viatu vilivyo ndani ya habu. Maji yakiingia humo, breki hukosa nguvu kwa muda. Baada ya kupita dimbwi, zibane kidogo kidogo ukiendelea kwenda mpaka uhisi zimerudi. Umbali wako na gari la mbele uwe sekunde 4 badala ya 2. Kwenye ukungu washa taa ya chini, kwani taa kamili hurudishwa machoni mwako na wingu. Radi zikikaribia, ingia ndani ya jengo. Pikipiki haikukingi kwa lolote, na mti ulio peke yake ni hatari kuliko mvua yenyewe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Isyonje: Habari za kazi, mwalimu. Wapo wanaotushauri tusugue kiazi mbichi au dawa ya meno ndani ya kioo. Je, vinafaa?

Jibu: Nzuri, ndugu. Kiazi huacha utando mwembamba wa wanga unaofanya kazi kama sabuni kwa muda mfupi, na huko kwenu hakuna atakayekosa kiazi, lakini kioo hubaki na weupeweupe. Dawa ya meno iache. Ina chembe za kusugulia, na zinazosugua meno zitakwaruza plastiki pia.

Mwanachama, Tukuyu: Mimi navaa miwani ya macho. Kioo kikiwa safi, miwani inafunga. Nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 3 ndiyo inayokuhusu zaidi, hasa kipande cha pua. Vaa helmeti kwanza, ndipo upenyeze miwani, isije ikapinda na kukaa karibu mno na uso. Lenzi nazo unaweza kuzipaka sabuni kidogo namna ileile na kuzifuta, ila kama zina utando wa kuzuia mng'ao, muulize kwanza aliyekutengenezea. Anza safari kioo kikiwa wazi kwa kijino kimoja, usisubiri ukungu uanze.

Abiria, soko la Kiwira: Mwanangu, mimi si dereva, ni mama wa biashara. Helmeti ninayopewa siku za mvua imeloa ndani na inanuka, na nikiivaa haipiti dakika kioo kimejaa ukungu. Si afadhali nikae bila?

Jibu: Shikamoo, mama. La, usikae bila. Unayoyaeleza ni makosa yetu sisi madereva. Sponji iliyoloa hupashwa joto na kichwa, maji yake yanakuwa mvuke, na mvuke huo unaongezeka juu ya pumzi. Madereva, helmeti ya abiria ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji wakati haina mtu, isining'inizwe kwenye usukani ikikinga mvua kama bakuli. Sponji inayotoka itolewe jioni na kukaushwa. Wewe mama, funga kitambaa chako kisafi kichwani, na kwa kuwa umekaa nyuma ya dereva unaweza kunyanyua kioo, mradi mkanda wa kidevuni umefungwa.

Mwanachama, Uyole: Kioo cheusi usiku kina tatizo gani kama nimezoea barabara?

Jibu: Barabara umeizoea, ila mtu anayevuka hukumzoea. Cheusi ni cha mchana wa jua.

Mwanachama, Mbeya mjini: Kenya bodaboda wengi wamefunga mwamvuli mkubwa juu ya pikipiki. Kwa nini sisi tunahangaika na vioo?

Jibu: Mwamvuli hukinga manyunyu ya mjini kwa mwendo mdogo. Kwenye barabara ya milimani, upepo wa pembeni au wa lori linalokuja mbele huushika ule mwamvuli na kuivuta pikipiki nzima, na nguvu hiyo inakuja juu, mbali na magurudumu, ambapo ni vigumu kuizuia. Isitoshe, ukungu wa kioo hauletwi na mvua peke yake, bali na pumzi yako na baridi. Ungekuwa chini ya mwamvuli na bado huoni.

Mwanachama, Kyela: Mto ulijaa, nikaingia, pikipiki ikazima katikati. Nilipiga kiki mara nyingi ikakataa, na sasa inagonga ndani. Nilikosea wapi?

Jibu: Maji yanayotembea usiyaingie kama yamefika kwenye ekseli ya gurudumu, hata kama mwenzako amepita. Injini ikizima ndani ya maji, usipige kiki wala kubonyeza stata, kwa sababu maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na pistoni ikilazimishwa kuyabana, konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni, inaweza kupinda. Mlio huo wa kugonga aukague fundi kabla hujaiwasha tena pikipiki. Siku nyingine isukume hadi nchi kavu, fungua plagi, piga kiki taratibu maji yatoke kwenye tundu lake, mwaga maji yaliyo chini ya kabureta, kausha chujio la hewa, kisha uangalie oili. Ikiwa imebadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa, imwage yote na kuweka nyingine kabla ya kuwasha.