Bima na Land Cruiser ya zamani: jinsi thamani inavyopangwa na jinsi ya kujiandaa

Wenye Land Cruiser, Defender na Patrol za miaka mingi huniuliza swali moja: "Kampuni ya bima imeitoa wapi hiyo bei?" Jibu ni kwamba hakuna kitabu cha bei. Kwa IST au Harrier, ofisa wa bima anafungua matangazo ya yadi za Dar es Salaam na kupata bei kabla chai haijapoa. Kwa Land Cruiser HZJ75 ya 1994 iliyoanzia kwenye mradi wa maji, ikahamia parokiani, kisha ikauzwa kwa kampuni ya utalii Arusha, hapati kitu cha kulinganisha moja kwa moja. Hapo bei inajengwa kwa ushahidi, na asiyeleta ushahidi anapangiwa na mwenye nao.

Kazi yangu ni ukaguzi na uthamini wa magari Tanzania, kwa hiyo taratibu ninazozitaja ni za huku. Fuata hatua hizi kabla ya kukata au kuhuisha bima kubwa. Kama una bima ndogo tu, gari lako halina thamani yoyote mbele ya kampuni ya bima, maana ile inalipa hasara ya wengine.

Hatua ya 1: Jua ni bei ipi inayotafutwa

Bima kubwa ya kawaida inatafuta bei ya soko ya gari lako, katika hali liliyokuwa nayo muda mfupi kabla ya ajali au kuibwa. Haiangalii ulinunua kwa shilingi ngapi, wala gharama za kulifufua. Nimekuta watu wana risiti za gereji za milioni 45 kwenye gari ambalo sokoni halifiki 40. Risiti hizo zina kazi, tutaziona, lakini hazijumlishwi tu zikawa bei.

Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ni dari. Kampuni haiwezi kulipa zaidi ya hapo, ila inaweza kulipa pungufu.

Tuchukue mfano. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, gari lililoandikwa milioni 60 lina ada ya 2,100,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, unalipa 2,478,000. Ukiliandika milioni 40, unalipa 1,652,000. Umeokoa 826,000, na wengi wanaishia hapo wakifurahi. Kisha gari linagonga ng'ombe usiku, matengenezo ni milioni 15, na mkadiriaji hasara anasema thamani halisi ilikuwa milioni 60. Kama mkataba una kifungu cha uwiano, ambacho mawakala wanakiita avareji, umekatia bima theluthi mbili ya gari, kwa hiyo unalipwa theluthi mbili ya hasara: milioni 10, na bado eksesi, yaani kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai, haijatolewa.

Ukiandika milioni 80 kwa gari la milioni 60 nako hupati kitu. Likiibwa unalipwa 60, na ada ya zile 20 za juu imekwenda hivyohivyo.

Hatua ya 2: Litambulishe gari kwa kibao chake

Mtaani gari linapimwa kwa herufi ya namba: "hii ni namba D, ile ni namba B." Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, basi. Land Cruiser ya 1996 iliyoingia kwa kuchelewa inaweza kubeba herufi changa kuliko ya 2004. Mthamini anafungua boneti na kusoma kibao cha kiwandani, si kibao cha namba.

Kwa Toyota, msimbo wa modeli unasema mengi. HZJ78 maana yake injini ya 1HZ, J ya familia ya Land Cruiser, na 78 ni bodi ndefu ya abiria. HZJ79 ni pikapu. Ukiandika kwenye fomu ya bima "Land Cruiser" peke yake, umeacha mlango wazi, maana jina hilo linabeba ile ya kazi tunayoiita mkonga, Prado, VX na shangingi la V8, na bei zake hazikaribiani. Andika msimbo kamili, mwaka wa kutengenezwa, ujazo wa injini (1HZ ni cc 4,164), namba ya chesesi na namba ya injini. Kwa Defender, taja kama ni 90, 110 au 130, na kama injini ni 300Tdi, Td5 au nyingine. Defender ya umbo la zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016, kwa hiyo zilizopo ndizo hizohizo, na nzima zinashikilia bei kwa ukaidi.

Kisha linganisha na kadi ya gari. Injini iliyobadilishwa bila kadi kurekebishwa TRA (Mamlaka ya Mapato) inakuumiza mara mbili: thamani inashushwa, na siku ya dai inaleta maswali. Defender iliyofungwa injini ya Toyota fundi ataisifu, na kwenye kilima cha Lushoto atakuwa amesema kweli. Kwenye ripoti yangu inashuka kama kadi bado inasoma injini ya Land Rover.

Hatua ya 3: Weka wazi kodi na historia

Hapa magari ya zamani ya aina hii yanatofautiana na mengine, kwa sababu mengi yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi: mashirika ya kimataifa, balozi, miradi ya wafadhili. Likiuzwa kwa mtu binafsi, kodi inatakiwa kulipwa. Gari ambalo kodi yake haijaisha haliwezi kuwa na bei sawa na pacha wake aliyelipiwa, hata kama yametoka kiwandani wiki moja. Weka stakabadhi ya malipo ya TRA pamoja na kadi.

Usukani wa kushoto nao una bei yake. Magari yaliyofanya kazi Kongo, Burundi au Rwanda huja hivyo, na hapa kwetu wanunuzi wake ni wachache. Mthamini mwaminifu atapunguza, na atakuwa na haki.

Ulilinunua kwenye mnada wa serikali? Usitumie bei ya mnada kama thamani. Pale watu wananunua kitu kilivyo, pengine hakijawashwa kwa muda mrefu. Andaa orodha ya ulichofanya baada ya hapo.

Hatua ya 4: Lithamini kwa hali, ukianzia chini

Odometa ya kilomita 90,000 kwenye gari la 1995 hainifurahishi wala hainishtui. Naipita. Ninachoanza nacho ni chesesi.

Nenda na nyundo ndogo na tochi. Gonga taratibu kwenye vishikizo vya springi za nyuma, kwenye maungio ya mihimili, na ndani ya matao ya tairi. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu. Magari yaliyoishi Tanga, Dar es Salaam, Mtwara au Zanzibar yana chumvi ya bahari mwilini hata kama rangi inang'aa. Defender inadanganya zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu, huku chesesi na ukuta wa chuma ulioko mbele ya dereva vikiendelea kuoza chini kwa chini. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, tazama fremu ya kioo cha mbele na mifereji ya paa.

Magari ya utalii ya kaskazini yana suala lake. Mengi yamerefushwa chesesi na kuwekwa paa la kufunguka. Kazi hiyo ikifanywa na karakana inayoijua, gari linapata thamani kwa mnunuzi wa utalii na kuipoteza kwa mnunuzi wa kawaida. Kwa hiyo mthamini lazima ajue linalinganishwa na nini. Mwenye gari la utalii akiandikiwa bei ya mkonga wa kawaida, anapunjwa, na kosa huanzia kwenye fomu aliyoijaza mwenyewe bila kutaja marekebisho. Tena bima ya gari la biashara ya utalii si ile ya gari binafsi. Ukiwa umekosea hapo, thamani itakuwa tatizo lako dogo.

Injini: 1HZ inapendwa kwa sababu pampu yake haina kompyuta na fundi wa Kibondo anaimudu. Hilo linaingia kwenye bei, maana mnunuzi wa porini analilipia. Prado yenye 1KZ naiuliza habari za joto, kwa kuwa hedi zake hupasuka injini ikichemka. Hapa ndipo risiti zako zinapofanya kazi: risiti ya hedi mpya, pampu iliyofanyiwa kazi, difu iliyofunguliwa na kufungwa upya. Haziongezi shilingi kwa shilingi. Zinanizuia nisikate bei kwa hofu. Risiti isiyo na tarehe wala namba ya gari ni karatasi tu.

Hatua ya 5: Tafuta bei za kulinganisha, kisha zikate

Tafuta magari manne au matano yanayokaribiana na lako kwa msimbo, mwaka na matumizi. Piga picha za skrini zenye tarehe. Bei ya tangazo ina "maongezi yapo" ndani yake, na mara nyingi ina cha juu cha dalali. Mkadiriaji hasara anajua hilo, kwa hiyo ukimpelekea matangazo ghafi ataanza kukata, na atakata kwa mkono mzito. Mpigie muuzaji, uliza bei ya mwisho, andika jibu na tarehe ya simu. Mkataba wa mauziano wa gari lililouzwa kweli una uzito kuliko matangazo kumi.

Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika nacho kinasaidia, ila kwa namna moja tu. Namba zake ni msingi wa kodi, si bei ya soko. Kitumie kujua gari kama lako lingegharimu kiasi gani kulileta leo pamoja na ushuru, ukiwemo ule wa ziada wa uchakavu. Huo ni ukomo wa juu wa bei: mnunuzi mwenye akili halipi zaidi ya hapo kwa lililoko nchini, isipokuwa kama nje nako limeadimika. Wakenya hawana njia hiyo kwa magari haya, kwa sababu kwao gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, na bei inategemea yaliyokwishaingia.

Hatua ya 6: Andika vifaa vya ziada

Winchi, mkonga (hapa ni bomba la kuvutia hewa juu), keria, hema la juu, friji, tangi la pili, redio ya mawasiliano. Kisichoandikwa kwenye mkataba hakilipwi. Kila kimoja na bei yake, kila kimoja na picha.

Hatua ya 7: Ripoti iingie kwenye mkataba

Mlete mthamini anayekubaliwa na kampuni yenyewe. Uliza jina kabla hujalipa. Ripoti iwe na picha za chesesi kutoka chini, kibao na injini. Baadhi ya kampuni hazipokei bima kubwa kwa gari lililozidi umri fulani, na umri huo hutofautiana, kwa hiyo ukikataliwa dirisha moja nenda jingine ukiwa na ripoti mkononi.

Uliza pia kama wanaweza kuandika thamani iliyokubaliwa, yaani pande zote zinafunga bei mapema na haijadiliwi tena gari likipotea lote. Haipatikani kirahisi, na ada inaweza kupanda. Kwa Defender iliyofufuliwa vizuri, mimi ningeilipia. Kwa mkonga wa kubebea mahindi, nisingehangaika.

Rudia uthamini kila unapohuisha. Shilingi ikishuka, bei ya gari la zamani hupanda, na mkataba wa mwaka juzi unakuacha chini.

Hatua ya 8: Siku ya hasara

Polisi watakagua gari na kujaza PF 93, fomu yao ya ukaguzi wa gari. Hakikisha namba ya chesesi imeandikwa sawa. Mkadiriaji hasara akija, mpe faili lote, usimpe maneno.

Jua kwamba gari la zamani huhesabiwa limekufa mapema kuliko jipya, kwa sababu hedi, boneti na taa hazishuki bei kwa kuwa gari ni kuukuu. Gari la milioni 32 lenye matengenezo ya milioni 21 linaweza kufungiwa dai kama limeharibika lote, kutegemea kiwango cha kampuni. Likitengenezwa, unaweza kuambiwa uchangie vifaa vipya vilivyowekwa badala ya vilivyochakaa. Ukitaka kubaki na mabaki, uliza kwanza yamepewa bei gani: thamani ya milioni 32, mabaki milioni 9, unapokea 23 kasoro eksesi. Kwa Land Cruiser mabaki yana soko la moto, hivyo bei hiyo nayo ina mjadala.

Ofa ikiwa ndogo, omba ripoti ya mkadiriaji kwa maandishi na ujibu kipengele kwa kipengele ukitumia ushahidi wa hatua ya 5. Wasipokusikiliza, lalamika TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au peleka mgogoro kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Fanya hayo kabla ya kutia saini hati ya kukubali malipo, kwa sababu hati hiyo inasema umepokea na huna dai lingine.